Vidonge vya Bure

Mimi ni mtu ambaye hakuna jambo linaloweza kunishangaza. Nilishuka Kariakoo na mfuko wa rambo wenye shati moja, nikalala juu ya maboksi ya watu, nikatapeliwa na niliotoka nao kijiji kimoja, stoo yangu ikaungua, nikajenga nyingine kubwa zaidi. Shule niliishia darasa la tano, na leo wenye digrii wananiletea barua za kuomba kazi. Sufuria, ndoo, mabeseni, chupa za chai: kama unapika Dar es Salaam, uwezekano ni mkubwa kwamba chombo chako kimepita mikononi mwangu. Kila Mchaga mwenye duka mjini huitwa Mangi, lakini kwenye mtaa wetu wakisema Mangi bila kutaja duka gani, wanamaanisha mimi.

Naandika haya kwa ajili ya yule anayekohoa sasa hivi nyuma ya kaunta yake akisema ni vumbi. Si vumbi, ndugu yangu. Hata mimi nilisema vumbi.

Kikohozi changu kilianza wakati wa kipupwe. Kikawa cha asubuhi, kikawa cha mchana, kikahamia kabisa kama mpangaji asiyelipa. Nikawa naamka shuka limelowa kama nimevuliwa baharini. Mkanda wa suruali nikautoboa tundu jipya kwa msumari, kisha jingine. Wateja wakaanza kunisifia kwamba nimepungua vizuri, nafanya mazoezi gani. Nikawaambia natembea sana.

Nilikwenda hospitali, msidhani nilikaa tu. Tena nilikwenda zile zenye viyoyozi, unakaa kwenye sofa, unaletewa maji ya chupa, kuna televisheni ukutani inaonyesha samaki wanaogelea. Ya kwanza wakasema taifodi. Ya pili wakasema mzio wa vumbi, nikafurahi kwa sababu ndilo jibu langu mwenyewe. Ya tatu wakasema vidonda vya tumbo. Kila mahali nilipigwa sindano, nikapewa mfuko wa dawa wenye nembo nzuri, na kila mahali walinifungulia mlango nikitoka. Hasira yangu ya kwanza naiweka hapa, na haijapoa: katika wote hao, waliovaa makoti meupe kama theluji ya kwetu, hakuna hata mmoja aliyenipa kikopo akaniambia, baba, tema makohozi humu tuyaangalie.

Aliyeona alikuwa mke wangu, Mama Glory. Siku moja nikakuta kikombe changu kimewekwa peke yake juu ya friji, na kijiko chake ndani.

"Hiki kimepanda huko kufanya nini?"

"Kimepumzika, Baba Glory. Wewe kapime kifua, nacho kitashuka."

"Kifua changu kina nini?"

"Mimi si daktari. Lakini marehemu baba alikohoa hivyohivyo, na sisi tulikuwa sita tunakula naye sinia moja."

Nikamwambia asinilinganishe na marehemu. Tukakaa nyumba moja, kwetu Magomeni, kama wapangaji wawili, tukisalimiana. Yeye akahamia chumba cha watoto. Mwanangu mdogo, Glory, alikuwa akinipungia mkono kutoka mlangoni, amefundishwa. Nilivumilia yote, lakini ule mkono wa mtoto ulinishinda. Mvua za vuli zilipoanza, nikakubali kwenda alikotaka mama yake: zahanati ya misheni, nyuma ya nyumba za Waswahili, mahali ambapo nilikuwa nimepita na gari kwa miaka bila kugeuza shingo.

Pale hakuna sofa. Kuna benchi la mbao limepakwa rangi ya kijani, na unakaa ulipofikia. Kushoto kwangu kulikuwa na mzee anayeuza karanga, kulia mama mwenye mtoto mgongoni, wote tunakohoa kwa zamu kama kwaya. Nikamfuata Sista aliyekuwa anaita majina, mama mmoja mfupi mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, nikamwambia kwa adabu kwamba mimi nina duka, nina haraka, na niko tayari kulipia huduma ya haraka.

"Baba, huduma ya haraka ndiyo hii," akasema. "Kaa, ukisogea kwenye benchi ndiyo unaendelea."

Nikapewa kikopo. Majibu yakaja: kifua kikuu. Sista alilisema jina hilo taratibu, kama mtu anayetaja bei ya nyanya, akaniwekea mbele vidonge vyangu vya kuanzia na kadi.

"Bei gani, Sista?"

"Bure."

"Naelewa. Lakini bei gani?"

"Baba, nimesema bure. Miezi sita, kila siku, bila kuruka."

Sasa naomba mnielewe, hasa nyie mnaofanya biashara. Kwetu Kariakoo neno hilo lina maana nyingi na zote mbaya. Mtu bure ni mtu asiye na thamani. Kazi bure ni kazi iliyopotea. Na kitu cha bure ni chambo: ukiona ndoo inatolewa bure, jua mfuniko ndio unaouzwa. Mimi nimekula mkate wangu wote kwa kujua kutofautisha orijino na feki. Nikigonga sufuria kwa kucha nakwambia imetoka kiwanda gani. Nikavitazama vile vidonge vyekundu, havina hata boksi, nikajisemea, hizi ni dawa za watu wa kwenye benchi. Orijino iko mahali pengine.

Sista akauliza nani atanisimamia, maana hawakuachii dawa mpaka uwe na mtu wa kukuangalia ukimeza. Nikasema mke wangu hapana, sitamfungulia mke wangu mdomo kama kifaranga. Akasema basi atanipa msimamizi wa misheni. Ndipo akaitwa Mama Rehema.

Mama Rehema ni Muislamu wa hapohapo Magomeni, anakaanga samaki. Asubuhi anakwenda Feri kununua kwenye mnada, anarudi na ndoo yake kichwani, mafuta yanachemka kabla jua halijapanda. Naye aliwahi kuugua, akatibiwa pale pale na akina Sista, na utaratibu wao ni kwamba aliyepona akitaka anamsimamia mwingine. Halipwi. Nikauliza mara mbili. Halipwi hata nauli.

Wakati huo mdogo wangu Elia, niliyemwachia duka, alikuwa amewatangazia wateja kwamba nimekwenda China kufuata mzigo. Alisema ni kulinda jina, maana watu wakisikia umekonda na unakohoa wanakupa ugonjwa wanaoutaka wao. Kwa hiyo nilikuwa China, chumbani kwangu, pazia limeshushwa. Sijui Mama Rehema alipata wapi habari hiyo, lakini kila akifika alipiga hodi hivi:

"Hodi humu. Mchina yupo?"

"Karibu."

"Meza nione. Fungua mdomo. Inua ulimi. Haya, sasa kunywa uji, usije ukatapika dawa ya watu."

Uji alikuja nao mwenyewe, kwenye chupa ya chai ya zamani iliyofungwa mpira. Nyumbani kwangu kuna unga, kuna maziwa, kuna msichana wa kupika. Nikamwambia aache kuleta uji, sisi si masikini.

"Nani kasema masikini? Mimi napika mwingi. Kunywa."

Nikampa noti. Akaitazama, akaiweka mezani, akaweka kikombe juu yake isipeperuke, akaondoka. Kila siku hivyo. Nilianza kumchukia, nasema kweli. Mtu anayekupa halafu hataki kupokea anakufunga kamba usiyoiona mwisho wake.

Mkojo ukawa rangi ya mawese. Viungo vikauma. Kichefuchefu kikawa kinaamka kabla yangu. Nikasema ndiyo hayo, dawa feki. Jamaa mmoja mwenye duka la dawa, mtu ninayemuuzia vyombo, akaniambia kwa simu kwamba ninachotafuta anacho, kimetoka nje, boksi lina maandishi ya dhahabu. Akaniletea mpaka mlangoni. Nikanunua boksi moja, nikanunua mengine. Vile vya Sista nikawa nakunja chini ya ulimi, ndani kabisa, nikimwonyesha Mama Rehema kinywa kama mwanakondoo, na akiondoka navitemea chooni. Nilijiona mjanja. Mtu aliyewahi kuvusha mzigo mbele ya watu wenye macho makali zaidi angeshindwa na mkaanga samaki?

Joto la Januari likanikuta nimeota mbawa. Nilichukua ile nguvu kidogo niliyoipata mwanzo nikadhani ni kazi ya maandishi ya dhahabu. Nikavaa shati la mikono mirefu, nikaenda dukani kuonekana. Nilikuwa napanda ngazi za stoo pale kikohozi kiliponishika, na kilichotoka hakikuwa makohozi. Kilikuwa damu, tena si kidogo, ikamwagikia mabeseni meupe.

Watu niliowapa mitaji walirudi nyuma. Nasema hivi bila kuficha, na wakisoma watajijua. Mwanya ulifunguka kunizunguka, Kariakoo, mahali ambapo hupati nafasi ya kuweka mguu. Nikasikia mtu anauliza, "Huyu si alikuwa China?" na mwingine akajibu, "Ndiyo hali ya hewa ya huko." Wakacheka. Elia akaja amejifunga taulo usoni mpaka machoni, akanishika kwenye mkono wa shati, asiguse ngozi, akanipakia kwenye bajaji. Yeye akapanda nyingine.

Kesho yake, kwenye benchi la kijani, Sista hakunigombeza. Alisikiliza, akaomba alione lile boksi, akasoma, akasema ni vitamini. Vitamini nzuri tu, akasema, nikitaka niendelee nazo. Kisha akanieleza kwamba mtu akimeza na kuacha, ugonjwa hujifunza dawa na kuwa sugu, na ukiwa sugu safari yake ni ndefu na wengine hawarudi. Mama Glory alikuwa amesimama nyuma yangu. Akasema mbele ya benchi zima:

"Baba Glory, mimi sitazika mume na mtoto. Ukiacha tena, kesho yake niko Moshi na wanangu, na usitume mshenga."

Glory alikuwa amepimwa asubuhi ile. Alikuwa salama, wakampa dawa za kinga. Miaka minne, anaramba kijiko anaangalia watu. Nikashindwa kumtazama.

Aliyenigombeza ni Mama Rehema. Alikuja na harufu yake ya samaki, akasimama mbele yangu mikono kiunoni.

"Ulikuwa unavitema."

"Nilikuwa sijui kama ni dawa kweli, Mama Rehema. Vitu vya bure hivi..."

"Vya bure. Kwani vimeota mchangani? Kuna mtu amevilipia, Mangi. Simjui, Sista hamjui, na wewe humjui, na hatakuja kukudai. Hicho ndicho kinachokuwasha. Ungedaiwa ungelala usingizi."

"Usinisemee moyo wangu."

"Basi sema mwenyewe. Mimi naacha mafuta motoni nakuja kuchungulia meno yako, unanitemea chooni? Watoto wangu wamekula samaki walioungua kwa ajili yako."

Benchi lilikuwa linasikiliza lote. Yule mzee wa karanga akasema, "Mama, mwache, mgonjwa," naye akamgeukia, "Wewe pia nakujua, kaa kimya umeze." Mtu hajawahi kunisema hivyo tangu baba yangu afe. Nilikuwa na majibu kumi. Lakini kila nikifungua mdomo nilikohoa, na kila nikikohoa Glory alikuwa anaondolewa hatua moja mbali.

Tukaanza upya. Sasa nilitakiwa kwenda zahanati mwenyewe kila asubuhi, nimeze mbele ya Sista, maana Mama Rehema alisema hauamini tena mdomo wangu. Lakini uji aliendelea kuleta, pale pale benchi, na kwa kuwa chupa ilikuwa kubwa nikanywa na mzee wa karanga na yule mama wa mtoto mgongoni. Masika ikatukuta hapo. Maji yakipanda uani tulipandisha miguu kwenye benchi tukaendelea kusogea. Nikajifunza kusubiri, kitu ambacho nilikuwa nalipa watu wanifanyie. Rehema ndogo zipo, nazo nazitaja: siku ya kwanza kulala hadi asubuhi shuka kavu. Siku ugali uliporudi kuwa na ladha. Siku Mama Glory alipokishusha kikombe kutoka juu ya friji, akakipanga na vingine.

Lakini kuna siku moja ambayo mpaka leo ikinijia nikiwa nimekaa, nasimama. Walikuja wageni, kikundi cha watu wa kanisa moja la mjini, wamevaa fulana za rangi moja, wameleta misaada. Tukaambiwa tujipange. Kila mgonjwa anapewa ndoo, ndani sukari, sabuni, na khanga kwa kina mama. Nikasema mimi sihitaji, dada mmoja akanibembeleza, "Usione aibu, baba, Mungu anakupenda," akanisukumia ndoo kifuani. Naijua ile ndoo. Ni ya kiwanda ambacho bidhaa zake nauza mimi, mpini wake unakatika ukiijaza maji. Kijana wao akanyanyua simu.

"Baba, tabasamu. Inyanyue kidogo ndoo ionekane."

Nataka mnielewe vizuri hapa. Mimi nikichangia kanisa jina langu linasomwa kwa kipaza sauti, na litaendelea kusomwa, sioni haya, jasho ni langu. Lakini pale anayetajwa ni mtoaji. Siku ile walitaka nitajwe mimi niliyepewa, na mashavu yangu yaliyobonyea, shati linaning'inia, ili mtu huko aone na kusema maskini. Kilo moja ya sukari kwa uso wa mtu. Hata sisi wa Kariakoo hatununui kwa bei hiyo. Nikaiweka ndoo chini, nikasema, "Kijana, ukipiga hiyo picha nakula hiyo simu."

Mama Rehema yeye alikuwa ameshapigwa picha zake mbili, anacheka. "Niacheni mimi, uso wangu hauishi kwa picha. Sukari imepanda." Hilo nalo likaniudhi.

Ndipo Sista akatoka ndani. Hakupaza sauti. Akawaambia wageni waweke simu mifukoni, wakae kwenye benchi, wasubiri kuitwa kama wengine.

"Tumekuja kutoa tu, Sista, tuna ratiba," kiongozi wao akasema.

"Najua. Kaeni kwanza na watu. Ndoo hazitakimbia."

Wakakaa. Fulana zao zikachanganyika na sisi. Mwanzo walishika pua kwa ujanja, baadaye wakachoka kushika. Mzee wa karanga akamuuliza kiongozi anatokea wapi, wakakuta wametoka wilaya moja, wakaanza kuulizana habari za watu. Walipoondoka, ndoo zilibaki pale ukutani, aliyetaka akachukua. Sikuchukua. Lakini nilimwona yule dada aliyenisukumia kifuani amerudi wiki iliyofuata peke yake, bila fulana, akakaa na yule mama akimshikia mtoto wakati anameza. Huyo nilimsalimia.

Kipupwe kikarudi, mimi nikiwa na tumbo. Makohozi yakapimwa mara ya mwisho, yakatoka safi. Sitaki kuficha, nililia, na nikamwambia Mama Glory ni vumbi.

Mnaoniona siku hizi nachelewa kufungua duka, msianze tena maneno. Kuna mtu mkubwa wa mtaani kwetu ninamchungulia mdomo kila asubuhi. Simtaji. Nyie mnajua kwamba yuko Dubai.

Siku ya kumaliza dawa nilikuwa nimejiandaa. Nilivaa suti. Nilikuwa na bahasha, na ndani yake kulikuwa na kiasi ambacho kingeondoa lile benchi na kuweka sofa mpaka barabarani. Nikaiweka mezani kwa Sista mbele ya Mama Rehema. Nilitaka wote wawili waione.

Sista akaisukuma kwa kidole kimoja, ikarudi upande wangu.

"Sista, hii ni sadaka."

"Leo si sadaka, baba. Leo utakuwa unalipa, utoke hapa tumemalizana. Njoo mwezi ujao, njoo mwakani, sanduku liko mlangoni, wala sitakuwa naangalia. Leo nenda tu."

"Kwa hiyo mnanikatalia."

"Ndiyo."

Nikatoka nimevimba. Miaka yote hiyo sijawahi kurudishiwa pesa usoni, isipokuwa za bandia. Uani nikamgeukia Mama Rehema, nikamwambia basi achukue yeye, anunue jiko la gesi, anunue friji ya samaki, akodi fremu ya duka, chochote. Akanitazama kuanzia viatu mpaka tai.

"Mangi, mimi tangu alfajiri sijala. Kama mkono unakuwasha, ninunulie chai."

Kuna mama lishe hapo nje ya ukuta, ana meza moja na viti vya plastiki. Tukakaa. Mama Rehema akaagiza bila haya, chai ya maziwa, chapati, maharage. Mimi nikachukua chai na chapati. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona akila, mara zote yeye ndiye alikuwa amesimama nami nimekaa. Akala taratibu, akafuta sahani kwa kipande cha chapati, akaniambia maharage ya huyu mama yana chumvi kidogo lakini moyo wake mzuri. Nikatoa noti ya elfu kumi, nikamwambia mama lishe abaki na chenji.

"Chukua chenji yako," akasema Mama Rehema.

"Ni yangu, namwachia."

"Chukua chenji yako, Mangi. Leo umeninunulia chai. Isiwe kitu kingine."

Mama lishe alikuwa ameshaanza kuhesabu. Nikafungua kiganja, nikapokea. Chai mbili, elfu moja. Chapati mbili, elfu moja. Maharage sahani moja, mia saba. Jumla, shilingi elfu mbili na mia saba.